Frank Gore na yadi zake 16,000: anastahili Ukumbi wa Umaarufu, au alidumu tu?

Yadi Nne (mleta uzi)
Oktoba 2025

Wakuu, heshima kwenu. Najua jukwaa hili ni la Simba na Yanga, ila sisi wachache tunaokesha na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kila Jumapili usiku nasi tuna kesi yetu. Mwaka huu jina la Frank Gore limeingia kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya wanaofikiriwa kwa Ukumbi wa Umaarufu kule Canton, Ohio, kundi la 2026. Msimu wake wa mwisho ulikuwa 2020 akiwa na timu ya Jets, na sheria inataka mchezaji akae nje miaka mitano kabla hajajadiliwa. Muda umetimia.

Kwa wageni wa mchezo: Gore alikuwa ranibeki. Huyu ndiye anayesimama nyuma au pembeni ya kotabeki (mrusha pasi wa timu), anakabidhiwa mpira mkononi, kisha anatafuta upenyo katikati ya mijitu ambayo kazi yake ni kumwangusha. Kazi yake inapimwa kwa yadi, na yadi moja ni karibu mita moja. Gore alimaliza na yadi 16,000 kamili, si moja zaidi wala pungufu. Tangu ligi ianze waliomzidi ni wawili tu: Emmitt Smith mwenye 18,355 na Walter Payton mwenye 16,726. Barry Sanders, ambaye kwangu mimi hajatokea mkimbiaji mtamu kama yeye, yuko chini na 15,269.

Sasa ubishi unatoka wapi? Unatoka hapa: Gore hakuwahi hata msimu mmoja kuongoza ligi kwa yadi. Hakuwahi kuchaguliwa kikosi bora cha kwanza cha ligi. Mara moja tu, 2006, aliwekwa kikosi cha pili. Pro Bowl, mechi ya nyota wa msimu, kaitwa mara tano. Pete ya ubingwa hana. Kwa hiyo kuna watu wanasema huyu ni mkusanyaji, alikaa mezani mpaka sahani zikaisha.

Mimi nasema aingie, na sababu yangu ni moja. Hii nafasi inaua. Ranibeki anagongwa kila anaposhika mpira, na hata asiposhika anagongwa akimkinga kotabeki. Timu zinawachoka wakiwa bado vijana kabisa, wakifika miaka 30 wanaonekana wazee. Gore alifika NFL akiwa tayari keshapasuliwa magoti yote mawili chuoni Miami. Ndiyo maana 2005 aliachwa mpaka chaguo la 65, raundi ya tatu. Mwaka huo huo katika chaguo tano za mwanzo walichukuliwa maranibeki watatu: Ronnie Brown, Cedric Benson na Cadillac Williams. Chukua yadi za maisha yao yote watatu, zijumlishe, bado hazifiki 16,000. Yule wa magoti mabovu kawashinda wote kwa pamoja.

Hoja ipingwe kwa hoja. Karibuni.

---

Kocha Mtaa

Mkuu Yadi Nne, nimekusoma vizuri na nakuheshimu, ila hapa naomba nikupinge mchana kweupe.

Ukumbi ule haukujengwa kupima nani alichelewa kustaafu. Ulijengwa kwa ajili ya watu ambao ukiandika historia ya mchezo bila wao, historia ina tundu. Ranibeki Gale Sayers ana yadi 4,956 tu. Mechi 68. Goti lilimmaliza. Wakamwingiza 1977 akiwa na miaka 34, na hakuna mtu mwenye akili zake aliyelalamika. Terrell Davis ana 7,607, hata nusu ya Gore hafiki, lakini mwaka 1998 alikimbia 2,008 na kuwa mchezaji bora wa ligi, na alikuwa na pete mbili. Kwenye Super Bowl yake ya kwanza, yaani fainali ya ligi, alipatwa na kipandauso katikati ya mechi, macho hayaoni vizuri, akatoka, akarudi, akamaliza na yadi 157 na tachidauni tatu, yaani mara tatu aliuvusha mpira mstari wa goli. Hao ndio watu wa Canton.

Sasa nitajie msimu ambao dunia ilisimama ikamtazama Gore. Mmoja tu.

Kwenye mpira wetu James Milner ana mechi zaidi ya 600 Ligi Kuu ya Uingereza. Namheshimu sana. Lakini nani hapa atamweka kwenye sentensi moja na Iniesta?

---

Bint Pwani

Kocha Mtaa unataka msimu, nakupa. 2006. Yadi 1,695, ambazo ni rekodi ya 49ers, timu yake ya San Francisco, na ongeza 485 za kupokea pasi. Novemba mwaka huo aliwafanyia Seattle yadi 212 kwenye mechi moja. 2009 akawarudia haohao Seattle: tachidauni mbili katika mechi moja, moja ya yadi 79, nyingine ya 80. Kama dunia haikusimama siku hiyo ni kwa sababu 49ers ya miaka ile ilikuwa timu ya kuzima televisheni.

Na hilo ndilo linalosahaulika. Kuanzia 2005 mpaka 2010 ile timu haikumaliza msimu hata mmoja ikiwa imeshinda zaidi ya ilivyopoteza. Kila timu pinzani ilijua mpira utapewa nani. Walijaza watu mbele, na bado jamaa alikuwa analeta yadi nne, yadi tano. Terrell Davis alikuwa na kotabeki John Elway nyuma yake. Gore alikuwa na nani? Naheshimu, ila mizani iwe sawa.

---

Mgeni Mwenzenu

Samahani wakubwa, mimi najifunza. Hivi wanaopiga kura ni mashabiki au nani?

---

Mzee wa Ohio

Kijana, swali zuri, na wengi wanaobishana humu hawalijui jibu lake.

Mimi naishi Columbus, Canton ni saa mbili hivi kwa gari. Mle ndani kuna chumba cha sanamu za shaba, vichwa na mabega, vimepangwa kwa mwaka wa kuingia. Ukisimama mbele ya Walter Payton unaona mpaka mikunjo ya paji la uso. Hakuna namba za jezi wala jedwali la yadi kwenye ile sura. Nalisema hili kwa sababu watu wanadhani ni hesabu, ukifikisha kiasi fulani mlango unajifungua. Hapana.

Wanaoamua ni kamati ya watu 50, wengi wao waandishi wa michezo. Mtu anahitaji asilimia 80, maana yake kura 40. Na tangu kundi la 2025 wamekaza sheria: wanapunguza wachezaji mpaka wabaki saba, halafu kila mpiga kura anaruhusiwa kuchagua watano tu. Kura zinatawanyika. Mwaka huu waliingia wanne: Eric Allen, Jared Allen, Antonio Gates, na Sterling Sharpe aliyepitia mlango wa wazee, yaani waliostaafu zamani. Kundi dogo kuliko yote kwa miaka 20. Eli Manning mwenye Super Bowl mbili alibaki nje. Ranibeki Fred Taylor alifika kwenye 15 wa mwisho, naye akabaki nje.

Kwa hiyo badilini swali. Msiulize kama Gore ni mkubwa. Ulizeni kama watu 40 kati ya 50 watamchagua huku kwenye karatasi hiyohiyo wakiwa wanawaona kotabeki Drew Brees na mpokea pasi Larry Fitzgerald, ambao nao ni mara yao ya kwanza.

---

Mtoi wa Eastlands

Mzee umenena. Lakini bana, hapo kwa karatasi kuna jina mmelisahau. LeSean McCoy. Yeye pia alimaliza 2020, kwa hiyo foleni ni moja.

McCoy: kikosi bora cha kwanza mara mbili, 2011 na 2013. Aliongoza ligi 2013 kwa yadi 1,607. Pete mbili, Chiefs na Buccaneers, ingawa tuseme ukweli wakati huo alikuwa abiria tu. Yadi 11,102. Mimi niliangalia wote wawili, na kama ni mechi moja ya kufa na kupona, nampa McCoy mpira. Yule mtu alikuwa anakuacha umeshika hewa.

Mkiingiza Gore kabla ya McCoy mtakuwa mmesema kwamba uvumilivu ni bora kuliko ubora.

---

Yadi Nne

Sasa tunaongea. Nianze na Kocha Mtaa.

Mkuu, mfano wa Milner haukai. Milner akipumzisha mguu anacheza pembeni, akizeeka anarudi beki, anachagua lini akimbie. Ranibeki hachagui. Gore kashika mpira kwa kukimbia zaidi ya mara 3,700, na karibu kila mara mwisho wake ni mtu au watu watatu kumwangukia. Mwili huo ulikuwa umepasuliwa magoti mawili na mabega mawili. 2010 alivunjika nyonga, mwaka uliofuata akakimbia 1,211. Usiniambie hiyo ni kuchelewa kustaafu.

Halafu neno "mkusanyaji" tulipime. Mkusanyaji ni mtu anayebaki kikosini akiokota yadi 400 kwa mwaka ili namba ikue. Gore kuanzia 2006 mpaka 2017, misimu 12 mfululizo, hakushuka chini ya yadi 1,200 ukijumlisha za kukimbia na za kupokea. Mfululizo! Nimepiga hesabu mwaka mmoja mmoja jana usiku. Uliokaribia kumwangusha ni 2017, alipata 961 kwa kukimbia na 245 kwa pasi, jumla 1,206. 2016 akiwa na miaka 33 alivuka 1,000 za kukimbia akiwa Colts, jambo ambalo mtu wa umri huo hakuwa amelifanya tangu John Riggins mwaka 1984. Yaani ukiondoa ile misimu mitatu ya mwisho ya Dolphins, Bills na Jets, ambayo ndiyo ya kuokota kweli, bado ana zaidi ya yadi 14,000. Bado yuko juu ya maranibeki kama Tomlinson na Bettis.

Mtoi, kuhusu McCoy sina ugomvi. Kilele chake kilikuwa juu zaidi, nakubali kabisa. Lakini kumbuka ile timu ya muongo wa 2010 iliyochaguliwa rasmi: maranibeki walikuwa wanne, Adrian Peterson, McCoy, Marshawn Lynch, na Gore. Na Gore muongo huo aliuanza akiwa na miaka 27, wakati wenzake ndiyo kwanza damu inachemka.

---

Kocha Mtaa

Umejitetea vizuri, nakupa hiyo ya misimu 12, sikuwa nimeiangalia hivyo.

Ila tachidauni je? Misimu 16, mechi 241, tachidauni za kukimbia 81. Shaun Alexander ana 100 na misimu yake ni nusu na chenji, tena 2005 alikuwa mchezaji bora wa ligi, na mpaka leo Canton hawamtaki. Marshawn ana 85 kwa muda mfupi zaidi. Kama timu yako ikifika mstari wa goli haikupi mpira, kuna kitu wanakijua.

---

Bint Pwani

Eti "kuna kitu wanakijua"! 😂 Kocha umejileta mwenyewe.

Super Bowl ya 47, New Orleans, Februari 2013, ile mechi umeme ulikatika. 49ers wako nyuma kwa alama tano, dakika zinayoyoma. Gore anachukua mpira, anapasua upande wa kushoto yadi 33, anawafikisha yadi 7 kutoka kwenye goli la Ravens. Mpaka hapo keshakimbia 110 na tachidauni moja. Walinzi wa Ravens wamechoka, mikono viunoni.

Halafu unafanyaje? Mtu yeyote mwenye macho anampa Gore tena. Wao wakampa ranibeki mwingine, LaMichael James, akapata yadi mbili. Kisha kotabeki Kaepernick akarusha kwa mpokea pasi Crabtree. Hola. Akarusha kwa Crabtree tena. Hola. Mara ya tatu, Crabtree tena, mpira ukapita juu. Basi. Ravens bingwa.

Gore hakugusa mpira hata mara moja kutoka yadi saba. Angepewa akafunga, leo ana pete, ana goli la ubingwa, na huu uzi usingekuwepo. Ndiyo maana sitaki kusikia hoja ya pete kwenye kesi hii. Kuna makocha wanaodaiwa hiyo pete.

---

Mtoi wa Eastlands

Aki hiyo drama ya Crabtree nilikuwa nimeizika, umenifukulia. Sitalala leo.

---

Mgeni Mwenzenu

Mbona hamjamtaja yule aliyecheza ndondi? Ni huyu huyu au nachanganya?

---

Yadi Nne

Ni huyu huyu mkuu. Desemba 2021 alipanda ulingoni na Deron Williams wa mpira wa kikapu, akapoteza kwa pointi. Hiyo tuiache, haina uzito kwa kamati.

Yenye uzito ni ile ambayo haimo kwenye takwimu. Kuna kazi ya ranibeki ambayo ukitazama kwenye simu huioni: kotabeki akitaka kurusha, beki wa upande wa pili anakuja mbio kumvamia, na ranibeki anatakiwa ajue anatokea wapi, amwahi, amzuie kwa kifua. Gore mfupi, lakini kwenye hili alikuwa ukuta. Tafuteni picha za zamani, msiangalie mpira, mwangalieni yeye. Anapiga hatua moja kando, anashusha nyonga, halafu jitu linasimama ghafla kana kwamba limekumbuka kitu. Ndiyo sababu timu tano tofauti zilimtaka mpaka anafika miaka 37. Timu haimweki mtu wa miaka 37 nyuma ya kotabeki kwa huruma.

---

Mzee wa Ohio

Hapo umegusa penyewe. Ila nikupe tahadhari, kwa sababu nawafuatilia hawa wapiga kura kwa muda mrefu.

Curtis Martin ndiye anayefanana na Gore kuliko wote. Mtulivu, hana mbwembwe, misimu 10 mfululizo ya yadi 1,000. Aliingia 2012. Lakini Martin ana kitu kimoja ambacho Gore hana: 2004, akiwa na miaka 31, aliongoza ligi kwa yadi 1,697. Shaun Alexander alikuwa na 1,696. Yadi moja! Yadi ile moja ilimpa Martin mwaka wake, mwaka ambao msemaji wake alisimama mbele ya kamati akautaja. Jerome Bettis naye alikuwa mzito wa wastani wa yadi 3.9, mdogo kuliko 4.3 ya Gore, lakini ana kikosi bora cha kwanza mara mbili na pete. Naye alisubiri, akaingia 2015.

Na kama ni 49ers, hebu mkumbukeni Roger Craig. Mtu wa kwanza kufikisha yadi 1,000 za kukimbia na 1,000 za kupokea katika msimu mmoja, 1985. Pete tatu. Mpaka Oktoba 2025 hii tunapoandika hapa alikuwa hajaingia. Kamati ile ina kichwa chake.

Mimi naona Gore ataingia, ila si mwaka huu. Na asipoingia mapema mambo yatakuwa magumu, kwa sababu Adrian Peterson anafika kundi la 2027, na Peterson hana mjadala. Wapiga kura hawapendi kuweka maranibeki wawili kwa mpigo siku hizi.

---

Kocha Mtaa

Mzee, kwa hiyo tunakubaliana kwamba si wa mwaka wa kwanza?

---

Mzee wa Ohio

Tunakubaliana kwa hilo. Hatukubaliani kwa lile la Milner.

---

Bint Pwani

Mimi sikubaliani na yeyote. Angalieni orodha ya kumi bora kwa yadi ilivyokuwa mwanzoni mwa msimu huu wa 2025. Smith, Payton, Gore, Sanders, Peterson, Martin, Tomlinson, Bettis, Dickerson, Dorsett. Wanane wamo ndani. Waliobaki nje ni wawili, na sababu pekee ni kwamba muda wao ulikuwa haujafika. Sasa mmemwona wa tatu duniani mnataka asubiri foleni nyuma ya mpiga teke? Maana Vinatieri naye yumo kwenye karatasi hiyohiyo, na kuna watu watampa kura kabla ya Gore.

---

Mtoi wa Eastlands

Usimguse Vinatieri dada, huyo ameshinda Super Bowl kwa mguu mmoja 😂

Ila sawa. Kama ni yadi tu, Gore. Kama ni mpira, McCoy. Kama ni mimi niko na kura tano: Brees, Fitzgerald, Luke Kuechly yule mlinzi, Vinatieri, halafu hiyo ya tano narusha shilingi.

---

Yadi Nne

Urushe sarafu kwa mtu mwenye yadi 16,000? Nimesikitika.

Kura zangu: Brees, Fitzgerald, Kuechly, Gore, na Willie Anderson, kwa sababu wazuia njia nao hawasemewi na mtu.

---

Kocha Mtaa

Brees, Fitzgerald, Kuechly, McCoy, na mpokea pasi Torry Holt. Gore namwekea kiti cha 2028. Matokeo wanatangaza Februari wiki ya Super Bowl, msiufute huu uzi.

---

Mgeni Mwenzenu

Nimeenda kutazama zile dakika za mwisho za Super Bowl ya 47 alizosema Bint Pwani. Yule Harbaugh, kocha wa 49ers, kwa nini hakumpa Gore mpira?